Aliyepigwa na radi hana umeme, mguse

Mvua ni rehema, lakini kwa ndugu zetu wa Kagera, Geita na Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, huja na radi. Oktoba 2018 wanafunzi sita walifariki kwa radi mkoani Geita. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya Runyanya, Uganda.

Qur'ani ina sura nzima yenye jina la ngurumo, Ar-Ra'd, na aya yake ya 12 inataja umeme wa mawinguni kuwa ni khofu na pia ni matumaini. Sisi matabibu tunashughulika na hiyo khofu.

Ndani ya wingu zito chembe za barafu hugongana, chaji chanya ikapanda juu na chaji hasi ikabaki chini. Ikizidi, umeme huruka kuelekea ardhini. Hewa unamopita hupata joto la nyuzi kama 30,000, karibu mara tano ya uso wa jua, ikatanuka ghafla kwa kishindo. Hicho kishindo ndiyo ngurumo. Sauti hutumia sekunde 3 hivi kwa kilomita moja, basi ukiona mwako na ngurumo ikaja baada ya sekunde 15, radi iko kilomita 5. Usijidanganye kuwa ni mbali. Radi hupiga hata kilomita 10 kutoka mvua inaponyesha. Ukiisikia tu, umo hatarini.

Ingia nyumba imara au gari lililofunikwa kwa bati, utulie mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mwembe. Radi ikipiga mti husambaa ardhini, ikapanda mguu mmoja na kushukia mwingine, ndiyo maana ng'ombe waliojikusanya hapo hufa pamoja. Ikikukuta shambani, tupa jembe, kimbilia nyumba, wala usilale chini. Ndani, chomoa redio na televisheni mapema, na udhu uchukue kwa kopo badala ya bomba la chuma. (Nguo nyekundu na kioo kisichofunikwa havihusiki kabisa, na kandambili hazikingi kitu.)

Je, swala ya jamaa? Katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa Ibn Umar (RA) aliadhini usiku wa baridi na upepo, akawaambia watu waswali majumbani, akaeleza kuwa Mtume (SAW) alikuwa akiagiza hivyo. Sasa wewe unamkatisha mtoto uwanja mtupu kwenda madrasa huku mbingu inapasuka, kwa hoja gani?

Sasa lile kubwa. Wapo wanaosema aliyepigwa na radi asiguswe kwa kuwa ana umeme. Si kweli, umeme umeshapita ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Takriban watu 9 kati ya 10 wanaopigwa huishi. Anayekufa papo hapo, mara nyingi moyo na pumzi vimesimama. Moyo huweza kuanza tena wenyewe, lakini pumzi hukawia, na hapo ndipo mtu anapopotea akisubiri gari.

Mtoe penye hatari kama radi bado inapiga. Mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mara 30, mbane pua umpulizie mdomoni mara mbili. Walioanguka wakiwa wengi, anza na anayeonekana amekufa, kwani anayelia anapumua na anaweza kusubiri. Na kama ni mwanamke na waliopo ni wanaume tu, msirudi nyuma, hii ni dharura, na dharura huhalalisha kilichokatazwa.

Akizinduka, mpelekeni hospitali hata kama anasema hajambo. Ngoma ya sikio huweza kupasuka, moyo huweza kwenda mrama baadaye, na mjamzito lazima apimwe yeye na mtoto.