Somo: Upatanisho wa Kisarufi wa Nomino "Zimwi" katika Hadithi za Watoto

Lengo: Mwanachuo aweze kueleza na kufundisha tofauti ya kimaana kati ya upatanisho wa LI-YA na wa A-WA katika nomino *zimwi*.

Maelezo

Kwa kawaida, nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA bila kujali umbo lake. Hata hivyo, msimulizi anapotaka kuonyesha ukubwa, kitisho au dharau, hutumia LI-YA. Linganisha:

(a) *Zimwi kubwa lile lilitoka msituni.* (Wingi: *Mazimwi makubwa yale yalitoka msituni.*)
(b) *Zimwi mkubwa yule alitoka msituni.* (Wingi: *Mazimwi wakubwa wale walitoka msituni.*)

Sentensi zote mbili ni sahihi. Katika (a) tunaliona dude la kuogofya. Katika (b) tunamwona mhusika mwenye nafsi. Methali *Zimwi likujualo halikuli likakwisha* imebaki na LI-YA: zimwi hilo linakujua, lakini bado linakula.

Matumizi darasani

Chukua kitabu cha picha cha Maurice Sendak, *Where the Wild Things Are*, kilichotolewa Marekani mwaka 1963. Ukiwasimulia wanafunzi kwa Kiswahili, waweza kusema: *Max alifika nchi ya mazimwi. Yalinguruma na kutoa makucha. Akayakazia macho bila kupepesa, yakatulia. Ndipo wakamtawaza kuwa mfalme wao, wakacheza naye.* Urafiki umeingia pale *ya-* ilipoipisha *wa-*, na mtoto ameusikia kabla ya kuelezwa.

Tanbihi

Usichanganye upatanisho ndani ya kirai kimoja: *\*zimwi mkubwa lile* si sahihi. Mwanafunzi akibadili upatanisho kati ya sentensi na sentensi, muulize sababu kabla ya kutia alama ya kosa. Huenda anajua zaidi ya kanuni uliyomfundisha.

Zoezi

1. Andika kwa wingi: *Zimwi lake lilimfuata*, *Zimwi wake alimfuata.* Eleza tofauti ya maana.
2. Max anapoaga, mazimwi humsihi abaki, hata husema watamla kwa jinsi wanavyompenda. Je, hapo ungetumia *wa-* au *ya-*? Tetea jibu lako ukizingatia methali iliyotajwa hapo juu.
3. Tunga hadithi ya sentensi nane kuhusu mtoto na jitu, ambamo upatanisho unabadilika mara moja tu. Eleza kwa nini umechagua mahali hapo.