Ofa ya Chumba ni ya Watu Wangapi? Mwongozo kwa Familia Zinazokwenda Pwani

Msimu wa masika, kati ya Aprili na Juni, hoteli nyingi za Nyali, Bamburi, Diani na Malindi hushusha bei ili vyumba visikae vitupu. Hapo ndipo familia nyingi hupata nafasi ya kwenda kuiona bahari, na hapo ndipo husemwa: tuchukue chumba kimoja cha ofa, tubanane humo sote. Si kosa. Hoteli nyingi humkubali mtu wa tatu, na baadhi humkubali wa nne akiwa mtoto. Kosa ni kumficha mgeni wa ziada, au kulipa ukidhani bei ni ya chumba kumbe ni ya kila kichwa.

Piga hesabu kabla ya kulipa

Hoteli za ufukweni kwa kawaida hutoza kwa kila mtu, wawili kwa chumba, kwa kuwa bei imebeba na chakula. Tuseme ofa ni shilingi 12,000 kwa mtu kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni. Wasafiri ni baba, mama, mtoto wa miaka 9 na shangazi. Wazazi watalipa 24,000. Mtoto akitozwa nusu, 6,000. Wa kuuliziwa hasa ni shangazi. Akipewa kitanda cha ziada kwa robo tatu ya bei ya ofa, yaani 9,000, jumla itakuwa 39,000, na hapo mmeokoa pesa. Lakini zipo hoteli ambazo ofa yake ni ya wawili wa kwanza tu. Mtu mzima wa tatu hutozwa bei ya kawaida. Bei hiyo ikiwa 20,000, jumla hufika 50,000, ilhali vyumba viwili vya ofa, hata mtoto akihesabiwa mtu mzima, ni 48,000. Mtakuwa mmebanana na bado mmelipa zaidi.

Kwa hiyo omba hesabu zote mbili, ya chumba kimoja na ya viwili. Mkichukua viwili, gawaneni wawili wawili, maana anayelala peke yake mara nyingi huongezewa bei.

Umri wa mtoto huamuliwa na kila hoteli. Nyingi humtoza anayefikisha miaka 12 kama mtu mzima. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, umalize ubishi pale mapokezi.

Mahali pa kulala

Uliza chumba kina kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo, na kama wa ziada atapewa kitanda au godoro la sakafuni. Kisha uliza jambo ambalo wengi husahau: chandarua. Pwani kuna malaria, na masika ni msimu wa mbu. Chandarua cha kitanda kikubwa hakimfikii mtoto aliyetandikiwa godoro pembeni. Dai cha pili kabla ya giza kuingia.

Wengine huona chakula cha hotelini ni ghali kwa watu wengi, wakaingiza jiko la makaa chumbani. Usithubutu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini.

Usimfiche mtu

Kumpitisha ndugu mlango wa nyuma usiku huonekana ni ujanja mdogo. Lakini moto ukizuka, waokoaji hutafuta watu kwa orodha ya mapokezi. Asiyeandikwa hatafutwi. Akigunduliwa, hoteli inaweza kukutoza bei kamili au kuwatoa nyote, na hapo huna hoja.

Aliyejieleza wazi ana haki ya kudai. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza matangazo ya uongo.

Andikia hoteli ujumbe wenye idadi ya watu wazima, umri wa kila mtoto, usiku mtakaolala na chakula mnachotaka. Omba jumla yenye kodi zote ndani yake, na kitanda cha ziada kitajwe. Usitume amana kabla ya kupata jibu hilo kwa maandishi, na ulihifadhi kwenye simu hadi mtakapoondoka hotelini.