Mende: tumjue ili tumtoe jikoni



Ndugu wanafunzi, somo letu ni mende. Kwanza angalizo: mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio RTLM iliwaita watu kwa jina la mdudu huyu, inyenzi, ili kuwaua kuonekane jambo jepesi. Hapa tunamzungumzia mdudu tu. Mtu haitwi jina hili, hata kwa mzaha wa bwenini.

Mwili wake
Mende ana miguu 6 na vipapasio 2 virefu. Hapumui kwa mdomo, bali kwa vitundu vidogo vya ubavuni. Damu yake si nyekundu, kwani haibebi hewa. Ndiyo maana akikatwa kichwa huweza kuishi siku kadhaa, na maji ya sabuni humuua kwa kuziba vitundu vile.

Akifia kwenye ndoo ya udhu
Wanazuoni wengi wamesema mdudu asiye na damu inayotiririka hayanajisi maji, maadamu hayajabadilika. Lakini tohara ni jambo moja na afya ni jingine. Mende hutoka chooni akapita juu ya chakula, akibeba vijidudu vya kuhara. Kinyesi chake kikikauka huwa vumbi linaloamsha pumu. Maji hayo usiyanywe.

Uzazi wake
Jike la mende mdogo wa kahawia hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yakaribie kuanguliwa. Penye joto, watoto hukua kwa miezi 2 hivi. Huku Nkungu milimani usiku una baridi kuliko Bugarama, kwa hiyo mtafute karibu na jiko. Dawa ya kupuliza humuua unayemwona, lakini ganda la kifuko huyakinga mayai. Baada ya wiki chache wanarudi.

La kufanya
Bila chakula mende hustahimili wiki kadhaa, bila maji hafiki mbali. Basi kila usiku kausha beseni, funika ndoo, osha sufuria kabla ya kulala na utoe taka nje. Ziba nyufa za ukuta, ondoa maboksi ya zamani. Ukipuliza dawa, rudia baada ya wiki chache ili kuwapata walioanguliwa. Na chumba kizima kishiriki: sahani moja chafu chini ya kitanda huwalisha mende wa bweni zima.