Tumbawe Si Jiwe

Mwamba wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, umehifadhiwa tangu mwaka 1994. Kuvua hapo ni marufuku. Aogeleaye juu yake kwa miwani ya maji hudhani aona mawe. Sivyo. Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo mno, na tumbawe la mviringo huongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Ukilikanyaga, wawaua.

Tena katika miamba ya pwani yetu yuko samaki afananaye na jiwe kabisa, mwenye miiba 13 ya sumu mgongoni. Aliyechomwa na atolewe majini upesi, mguu utiwe katika maji ya moto yavumilikayo, apelekwe hospitali. Basi, mwanafunzi, elea kifudifudi, usisimame mwambani. Wala usiende peke yako, hasa wakati wa bamvua, mkondo uwapo na nguvu.