SOMO LA BIOLOJIA: PROTEINI INAYOFUNIKA ADN



Juma lililopita, kisha somo, ndugu mmoja wa mwaka wa tano alituuliza neno. Mama yake mdogo alipata kansa ya koo, akapelekwa Kampala kutunzwa kwa mionzi. Kansa ilipunguka, lakini kinywa kilijaa vidonda, hata bugali ikashindikana kumeza. Ndugu akasema: "Kama ni kufa kwa selule kunakoleta vidonda hivi, sababu gani wasitafute dawa ya kukataza selule kufa?" Sisi wa mwaka wa sita tulinyamaza. Kisha tulisoma, na leo tunajibu.

1. Kromatini ni nini?

Ndani ya kiini cha selule, ADN haikai uchi. Inazungushwa juu ya proteini zinazoitwa histoni, sawa vile uzi unazungushwa juu ya bobini ya cherehani. Uzi pamoja na bobini zake, ndiyo kromatini.

2. Mionzi inafanya nini?

Inaweza kukata ADN yenyewe. Tena inapasua maji yaliyo ndani ya selule, na maji hayo yanatoa vipande vikali, radikali za hidroksili, vinavyouma ADN. Hapo selule inajipima. Proteini p53 iko kama msimamizi: uharibifu ukiwa kidogo, inasimamisha selule isigawanyike mpaka ADN itengenezwe, ukiwa mkubwa, inaweza kuamuru selule ijiue. Kifo hiki kinaitwa apoptosi. Siyo ajali, ni ulinzi wa mwili. Selule yenye ADN mbovu ikikataa kufa, inaweza kuzaa zingine mbovu, na kansa ikaanza hapo. Basi jibu la kwanza ni hili: dawa ya kukataza kifo tu iko na hatari.

3. Dsup

Kuko mnyama mdogo sana, taridigrada. Ana miguu 8, hafiki milimeta 2, na wengi wanakaa katika majani mafupi ya kijani yanayoota juu ya mawe yenye maji. Anavumilia mionzi mikali kupita ile inayoua mtu, mara mia na zaidi. Mwaka 2016 Takuma Hashimoto, Takekazu Kunieda na wenzao wa Japani walitangaza proteini moja ya kromatini yake, jina lake Dsup. Waliiweka katika selule za mtu zilizokuzwa katika maabara, wakazipiga mionzi ya X: uharibifu wa ADN ulipunguka karibu 40%.

Mwaka 2019 wachunguzi wa Marekani walionyesha kwamba Dsup inashika nukleosoma, yaani bobini moja na uzi wake, na kuikinga na vile vipande vikali. Mwone tofauti: kazi hiyo siyo kukataza selule kufa. Ni kupunguza uharibifu, na hivyo sababu ya kufa inapunguka.

4. Jibu kwa ndugu yetu

Mwaka 2025 watafiti wa Marekani walidunga panya ARN ya ujumbe inayoambia selule zitengeneze Dsup kwa muda mfupi tu. Wengine walidungwa ndani ya kinywa, mbele ya kupigwa mionzi. Kukatika kwa nyuzi zote mbili za ADN kulipunguka karibu nusu, na kinga ilibaki pale walipodunga. Neno hilo ni kubwa, sababu hatutaki kansa nayo ifunikwe!

Lakini tusishangilie mbio. Hao ni panya, bado si watu. Na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba katika selule za neva zilizokuzwa katika maabara, Dsup ilizidisha uharibifu wa ADN. Nguo inayofaa mmoja inaweza kumbana mwingine.

Ndugu, kwa mama yako mdogo hatuna dawa mkononi, na tunamwombea nafuu. Lakini ulizo lako ni lile ambalo wenye elimu wanalifanyia kazi leo. Usiache kuuliza.

Maulizo ya kujipima:
(a) Apoptosi inalinda mwili namna gani?
(b) Sababu gani kinga ya Dsup isifike kwenye kansa?

Majibu mtuletee mbele ya Ijumaa.

Mkubwa wa wanafunzi, kwa niaba ya mwaka wa sita