Shilingi Zimegeuka Dola

Swali: Natunza hesabu za duka letu kwa Excel. Kwangu jumla zinaonyesha TSh, lakini faili likifunguliwa kwenye kompyuta ya mhasibu zinaonyesha dola. Fomula sijazigusa. Tatizo ni nini?

Jibu: Fomula zako ni nzima, na thamani ni ileile, kilichobadilika ni vazi tu. Mtindo wa fedha unaokuja na Excel huchukua alama kutoka mipangilio ya nchi ya Windows, na kompyuta ya mhasibu, kama nyingi, inaelekea imeachwa kwenye Marekani. Usimsumbue aibadilishe. Chagua seli zote za fedha, bonyeza Ctrl+1, nenda kundi la mwisho kabisa kwenye orodha, andika "TSh" #,##0. Sasa alama imo ndani ya faili lenyewe.

Fomula mpya huweza kurithi mtindo wa seli inazozisoma, kwa hiyo ukisahau seli moja, dola zitachungulia tena. Ukiunganisha maneno na kiasi, mtindo hupotea; tumia ="Deni: TSh "&TEXT(B9,"#,##0").

Wala usiandike TSh kwa mkono mbele ya tarakimu: Excel ikiona hilo ni neno, SUM itairuka seli hiyo bila kukuambia.