SOMO: MAJI YA MOTO YA VIWANDA YAKITAZAMWA KUTOKA JUU



Somo letu mara hii ni juu ya maji ya moto ambayo vituo vya umeme humwaga baharini, na jinsi setilaiti inavyoyaona. Tutapita Ngumi, katika visiwa vya Bajuni kusini ya Kismayo, ingawa Ngumi hakuna kituo cha umeme. Sababu itaonekana.

Tuanze na mtambo wenyewe. Katika kituo kinachochoma makaa, mvuke huzungusha mashine, kisha sharti upozwe urudi kuwa maji. Katika kila mafungu 100 ya joto la makaa, ni kama 35 hadi 40 tu yanayogeuka umeme. Mengi ya yanayobaki huchukuliwa na maji ya kupozea. Pwani, maji hayo huvutwa baharini kwa pampu na kurudishwa humo humo yakiwa yamepanda nyuzi kadhaa. Hayana rangi wala harufu, na mvuvi akilalamika huambiwa alete ushahidi.

Madhara yake yanajulikana. Huko Turkey Point, Florida, mwishoni mwa miaka ya 1960, nyasi za bahari zilikufa mbele ya mfereji wa kituo cha umeme. Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani, na baada ya mapatano ya 1971 ikachimbwa mifereji ya nchi kavu ya kupozea maji.

Sasa setilaiti. Kila chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, na joto likizidi mionzi nayo huzidi. Landsat 5, iliyorushwa 1984, iliipima kwa vipande vya mita 120. Landsat 8 ya 2013 na Landsat 9 ya 2021 hupima kwa vipande vya mita 100. Kila moja hurudi mahali pale pale baada ya siku 16, na kwa kuwa hupokezana tunapata picha kila siku 8, mawingu yakiruhusu. Tangu 2008 picha hizo, hata za zamani, hutolewa bure. Lakini kinachopimwa ni ngozi ya juu ya maji tu, nyembamba kuliko karatasi. Samaki na matumbawe wako chini yake.

Hapo ndipo Ngumi inapotufaa. Setilaiti hizi hupita pwani yetu baada ya saa nne asubuhi. Mabaharia wanajua kwamba siku za bamvua, saa hizo maji yamekupwa. Basi maji machache yaliyobaki ndani ya miamba hupigwa na jua, na katika picha yaweza kuonekana ya moto kuliko bahari ya nje. Asiyeijua pwani angeapa kuwa hapo pana bomba. Hapana bomba, ni jua na kupwa.

Kwa hiyo picha moja haithibitishi kitu. Sharti ziwepo picha za kabla ya kiwanda na za baada yake, za msimu mmoja na hali moja ya maji, na pawepo mahali jirani, penye kina kama hicho, pa kulinganisha. Kulinganisha mwaka na mwaka peke yake hakutoshi: mwaka 1998 bahari ilipata joto na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalikufa bila bomba lolote.

Jambo hili si la mbali. Kwasasi, Lamu, kusini ya visiwa hivyo hivyo, palikusudiwa kituo cha makaa cha megawati 1,050, kipozwe kwa maji ya bahari ya Ghuba ya Manda. Kilipewa leseni ya mazingira 2016. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la Kenya la kusikiliza rufaa za mazingira liliifuta, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wengine huuliza kama joto hilo lingefika Ngumi wakati wa kusi, maji yanapokwenda kaskazini. Lisingefika, lingepoa njiani. Ambao lingewafika ni wavuvi wa Manda.

Kuna kipimo kimoja cha kukumbuka. Mwongozo wa Benki ya Dunia unataka joto lisizidi nyuzi 3 juu ya lile la bahari, pembeni mwa eneo la kuchanganyikia maji. Si mdomoni mwa bomba. Basi ndugu, penye mkutano wa kiwanda kipya tusiulize nyuzi tu, tuulize pia nani amechora eneo hilo na lina mita ngapi.

Wafanyakazi wa mitambo wana kitu ambacho setilaiti haina: daftari la zamu. Joto la maji yanayoingia na yanayotoka hupimwa usiku na mchana, hata penye mawingu. Wavuvi nao waweza kushusha kipimajoto chenye kamba, kwanza pima moja kisha hadi chini, siku ya setilaiti kupita, na kuandika saa, upepo, na kama maji yanajaa au yanakupwa. Kazi hiyo yafaa ianze mwaka mzima kabla ya pampu ya kwanza kuwashwa, ili kusi na kaskazi zote mbili ziwemo daftarini.